Upondo, Ngumi na Mpira wa Binti Yangu

Mwaka wa 1981, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba yangu alikufa kwa homa na shida ikaingia nyumbani kwetu Kinakomba ikakaa. Nilikuwa darasa la tatu. Sikurudi tena. Mama alinipa upondo wa marehemu, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akasema kuanzia leo wewe ndiye utakayevusha watu. Upondo ulikuwa mrefu kuliko mimi, na mzito. Mwanzoni ulikuwa unanivuta hadi unaniangusha majini mbele ya abiria. Walicheka. Nikapanda, nguo zimenigandama, nikasukuma.

Sisemi hayo nihurumiwe. Nasema ili ujue kwamba nikizungumza juu ya nguvu za mtu, sizungumzi maneno ya redioni. Mwili naujua. Najua pumzi inavyokatika katikati ya mto na abiria wako anauliza mbona umesimama.

Na mieleka nimecheza. Zamani maji yakishuka, mto ulikuwa unaacha mchanga mpana, na sisi vijana wa kando ya mto tulikuwa tunashikana pale jioni mpaka mmoja aangushwe mgongo uguse chini. Mimi mgongo wangu haukugusa. Aliyewahi kuugusisha ni mmoja tu, naye ameshafariki, kwa hiyo itabidi mniamini.

Ndiyo sababu maisha yangu yote niliudharau mpira. Watu ishirini na wawili wanafukuza kitu kimoja, na ukichoka unajificha nyuma ya mwenzako. Mimi nilikuwa nasema mchezo ni mtu na mtu. Hapo hakuna wa kumsingizia.

Sasa, Mungu akanipa kitinda mimba wa kike. Ana jina la mama yangu, kwa hiyo namwita mama. Mwaka jana alikuwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa anacheza vyote viwili. Alikuwa mshambuliaji wa timu ya wasichana hapa Minjila tunakoishi sasa, na jioni nyingine alikuwa anapiga ngumi ndani ya stoo yangu ya maembe pale Garsen.

Stoo hiyo niliitoa mimi mwenyewe. Msimu wa maembe ukiisha inakaa tupu, na kuna mzee mmoja, askari jela mstaafu, tunamwita Afande, aliniomba afundishie vijana humo. Tulifunga kamba za katani kwenye miti minne, tukatandika mikeka, tukajaza gunia pumba za mpunga na matambara, tukalitundika kwenye boriti. Ukiingia humo unasikia harufu ya maembe na jasho kwa pamoja.

Wa mpira alikuwa Mwalimu. Huyo ni kijana wa wafugaji, kwao ng'ombe wanaanzia hapa wanaishia huko usikoona, naye anafundisha shule ya msingi. Ni Mwislamu wa swala tano, mimi ni mtu wa kanisani, na hatujawahi kugombana isipokuwa kwa mpira.

Jumatano moja Mwalimu alikuja kwangu na chupa ya maziwa. Nilijua ana neno, kwa sababu akija bila neno anakuja mikono mitupu. Hajamaliza kukaa, Afande naye akateremka kwenye pikipiki.

"Mzee wangu," Mwalimu alianza, "Jumamosi namtaka binti yako. Kuna mchujo wa timu ya wasichana ya kaunti, hapa hapa Garsen."

"Jumamosi ipi?" Afande akauliza, hajasalimia bado.

"Hii."

"Hii ni yangu. Kuna mchujo wa ndondi Hola. Jina lake nimeshapeleka."

"Na mimi nimepeleka."

Wote wakamgeukia binti. Alikuwa anachambua mboga na mama yake. Hakuinua kichwa. Alisema, "Baba aseme. Nitakwenda atakakosema yeye."

Nilijivuna kidogo, sikatai. Halafu nikaona uzito wa neno hilo. Mtoto huyu anavipenda vyote, na atakachoacha Jumamosi ndicho atakachokuwa amekiacha moja kwa moja. Timu zile zikishachaguliwa, aliyekosa anangoja mpaka umri umpite. Na neno nililopewa mimi nilitoe ni juu ya mwili wa mtu mwingine.

"Ninyi mnagombania mguu na mkono," mke wangu akasema. "Mimi nataka arudi na meno yake."

"Mama, kwa mpira meno yake yapo salama," Mwalimu akasema.

"Salama wapi? Juzi alirudi mdomo umevimba kwa kiwiko."

Ikaanza ligi yao pale uani. Mwalimu akasema, "Afande, mtu wako anafanya kazi dakika tatu, halafu anawekewa kiti, anapewa maji, anapanguswa uso kama bwana harusi. Wangu kiti atawekewa wapi? Anakimbia mpaka refa aamue."

"Na wako akichoka anasimama anawaangalia wenzake wakimbie," Afande akajibu. "Wangu akisimama anapigwa."

"Hapo amesema," nikasema mimi.

"Mzee, wewe si refa. Wewe ni mtu wa mieleka."

Hilo liliniuma, kwa sababu mimi najiona mtu wa haki. Nikawaambia basi kesho kila mmoja alete mtu wake. Wa mpira ajaribu ngumi, wa ngumi ajaribu mpira, na mimi nitazame kwa macho yangu nani ana mwili. Nikishaona, nitasema.

Kesho yake jioni wakaja. Mwalimu alimleta mdogo wake, winga wa timu ya wavulana, kijana mwembamba mwenye miguu kama upondo. Afande alimleta kijana wa bodaboda ambaye shingo yake imezama mabegani. Binti yangu akakaa juu ya kreti kutazama.

Tulianza na stoo. Afande akamwambia mtu wake, "Usimuumize."

"Nimuumize vipi, Afande? Kwanza nimpate."

Kweli hakumpata. Raundi ya kwanza yule winga alicheza kwa miguu tu. Ngumi ikija kushoto, yeye yuko kulia. Kijana wa bodaboda akapiga hewa mpaka Mwalimu akaanza kutabasamu. Raundi ya pili nikaona kitu. Miguu ya winga ilikuwa bado inacheza, lakini mikono ilianza kushuka, kidogo kidogo, kama mtu aliyebeba ndoo za maji mbali. Akapokea ngumi moja ya tumbo, si kali, akakaa chini taratibu kama mgeni aliyekaribishwa mkekani.

"Mikono mizito, Mwalimu," akasema. "Sijui imekuwaje."

Mimi nilikuwa namtazama yule wa bodaboda usoni. Katika raundi ya kwanza winga alikuwa amemrushia ngumi mbili tatu za kubahatisha, na moja ilimfikia shavuni. Mtu wa kawaida kitu kikimjia usoni hufumba. Mimi hufumba, na wewe unayesoma hufumba. Kijana yule hakufumba. Aliitazama ngumi mpaka ikamfika, na ilipofika tayari alikuwa ameshajua ya kwake itatokea wapi. Nilimvulia kofia moyoni. Macho hayo hayapatikani kwa kula vizuri.

Nikasema moyoni, basi, Hola. Lakini nilikuwa nimeahidi haki, tukaenda uwanjani.

Uwanja wetu ni udongo mweusi wa bonde la mafuriko. Mvua ikinyesha huwezi kuingia, jua likiwaka udongo unapasuka mpaka mguu unaweza kuingia kwenye ufa. Vijana wa timu walikuwa wanafanya mazoezi, wakatupa nafasi. Kijana wa bodaboda akaanza kwa kishindo. Kila ulikokwenda mpira naye yuko. Ukienda golini yuko, ukirudi yuko. Vijana wakamshangilia. Jasho halijashuka vizuri tukamwona amelala kwenye kivuli kidogo cha mlingoti wa goli, kifua kinapanda na kushuka.

"Nyinyi," akawauliza, "huu mpira hauna kengele?"

Walicheka mpaka mchezo ukasimama. Afande mwenyewe aligeuka akatazama barabara ili tusimwone mdomo.

Hapo ndipo nilipomtazama winga kwa mara ya kwanza kama mtu anayestahili kutazamwa. Alikuwa hakimbii sana kuliko mwenzake, ila alikuwa anakimbilia mahali ambapo mpira haujafika. Anakwenda, na mpira unamkuta. Na alikuwa anajua yaliyo nyuma yake bila kugeuza kichwa. Mwenzake akipita mgongoni, yeye anatoa pasi ya kisigino, inamfikia.

"Ameona kwa jicho gani?" nikamwuliza Mwalimu.

"Huyo amechunga tangu ana meno ya utoto," akasema. "Ukitangulia mbele ya ng'ombe unamsikia wa nyuma akipotoka. Usipomsikia, kazi ya kumtafuta ni yako."

Mizani ikawa sawa, na mimi sikutaka iwe sawa. Ndipo nikafanya nilichofanya.

"Twendeni mtoni," nikasema.

Hapo ni lazima niwaeleze. Sisi watu wa mto tuna tabia. Akija mtu anataka kuoa kwetu, akija mhubiri mpya, akija afisa wa kilimo, hatumwulizi mengi. Tunampa upondo avuke tumwone. Wengi tumewajua hivyo. Basi na mimi nikaona nitawajua hawa.

Kijana wa bodaboda akashika upondo kama anataka kuuvunja. Akauchoma topeni kwa nguvu zake zote, mtumbwi ukaondoka, yeye na upondo wakabaki. Alining'inia pale kama nguo iliyoanikwa, akisema polepole, "Mzee. Mzee. Sasa hapa nafanyaje." Tukamtoa haraka, maji yale si ya kucheza. Winga naye alisimama amepanua miguu, hakuanguka, lakini mtumbwi ulizunguka papo hapo mpaka akaomba kushuka kwa sababu ya kizunguzungu.

Nikavua shati. Nina miaka hamsini na kitu. Nikauchukua upondo, nikavuka mpaka ng'ambo dhidi ya mkondo, nikarudi, nikatia nanga mahali nilipotoka, sikulowa goti. Kisha nikampa binti. Naye akavuka, mgongo umenyooka, upondo unaingia majini bila sauti, kama nilivyomfundisha. Nilisimama pale ukingoni nikamwona mama yangu mwenyewe akiwa kijana.

Aliporudi nikawaambia wote, "Mmeona. Hapa wenye mwili ni wawili tu, mimi na huyu."

Binti akaegemea upondo. Akasema kwa upole, bila kunidharau, "Baba, hapo umepima nani ametoka Kinakomba."

Mwalimu ndiye aliyecheka kwanza, kisha Afande, kisha wale vijana wawili, mmoja matope mpaka kifuani. Mimi sikucheka. Nilivaa shati langu. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimewachukua watu wa michezo miwili nikawapima kwa wa tatu, ule ninaoujua mimi. Huyu anapigwa huku macho wazi, yule anasikia nyuma kama ana masikio ya mgongoni, na mimi nawauliza mbona hamsukumi mtumbwi.

Wakatawanyika. Mimi na binti tukarudi kwa mtumbwi, tulikuwa na mkungu wa ndizi wa kuchukua upande wa juu. Akasukuma yeye. Mimi nikakaa mbele kama abiria, jambo ambalo silipendi, maana sijui niiweke wapi mikono.

"Mama," nikamwita.

"Naam, baba."

"Sema kweli. Mwaka ule uliposhindwa ngumi Hola, siku ile ulilala?"

"Nililala. Nilijua nilipokosea. Kesho yake nikaenda nikarekebisha."

"Na mpira, mlipofungwa na wale wa Hola?"

Akasukuma mara kadhaa. Niligeuka nikidhani hajasikia.

"Ile sikulala, baba. Goli lile lilipita kwangu. Yule msichana nilikuwa naye, nikachoka kumfuata, nikasema mabeki watamshika. Hawakumshika. Watu wakamtukana kipa. Walimtukana mpaka akalia, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale, hakuna aliyenitazama."

"Kwa hiyo?"

"Nikikosa kwa ngumi naumia mimi. Nikikosa kwa mpira anaumia mwingine. Hilo ndilo linalonikimbiza. Kwa ngumi nikichoka naweza kukubali. Kule siwezi."

Miaka yote nilikuwa nasema mpira ni mahali pa kujificha, na huyu aliyekuwa ndani yake ananiambia hapo ndipo aliposhindwa kujificha. Nikawaza mambo yangu ya zamani. Nikiwa na miaka kumi na mmoja, mikono imetoka malengelenge, kwa nini sikuuachia ule upondo katikati ya mto? Mimi kuogelea nilikuwa najua. Mtumbwi ungepinduka ningetoka. Lakini kulikuwa na mwanamke amekaa pale mbele na mtoto mgongoni. Siku zote nilikuwa najisifu kwamba nilipigana na mto peke yangu. Peke yangu wapi? Mtumbwi ulikuwa na watu.

Tulipofunga kamba nikamwambia, "Jumamosi nenda mpira."

Akashusha pumzi. Nikajua alikuwa ananingoja tu. Kisha akasema, "Afande utamwambia?"

"La. Anayeacha ndiye anayesema. Mimi nitakusindikiza."

Asubuhi yake tukamkuta Afande stooni anafagia. Binti akamwambia yote, amesimama wima, mikono nyuma. Afande akaegemeza ufagio ukutani.

"Nilikuwa najua," akasema. "Ukimpiga mtu akayumba, wewe unamngoja asimame vizuri ndipo uendelee. Bondia hangoji. Nilidhani nitakufundisha usingoje, na nimeshindwa, na sijui kama ni vibaya." Akamshika bega. "Ila macho. Hayo niliyokupa usiyafumbe."

Afande ni mtu mkubwa. Aliyeona kazi yake ya miaka ikitoka mlangoni na bado akaipa nasaha, huyo ni bingwa, hata kama hana mkanda.

Jumamosi nikaenda uwanjani. Nilibeba kiti changu, nikakaa jirani na Mwalimu. Mke wangu alikuja na leso kichwani, akasema amekuja kuhesabu meno. Wasichana walikuwa wengi, wametoka mpaka Bura na Nanighi, wengine wana kasi ya kutisha. Mwanzoni sikumwona binti akifanya kitu nikaudhika.

"Mbona haguswi na mpira?" nikauliza.

"Usitazame mpira, mzee wangu. Mtazame yeye."

Nikamtazama. Alikuwa anakimbia kwa nguvu upande ambao hakuna kitu, na wapinzani wawili wanamfuata, na mahali walipotoka wale wawili mwenzake anapita kama amefunguliwa mlango. Wakafunga goli hivyo. Watu wakamkumbatia mfungaji. Binti yangu alikuwa mbali, ameinama, ameshika magoti. Mimi katika mieleka yangu yote sijawahi kufanya jambo ili mwingine ashangiliwe. Sikujua kama hilo nalo linahitaji pumzi. Linahitaji pumzi nyingi kuliko zote, kwa sababu hakuna anayekusukuma kwa makofi.

Kisha kona ya wapinzani, mwisho mwisho, upande wa binti unaongoza kwa goli hilo moja. Mpira ulikuja juu, golini wasichana wamesongamana, viwiko vinaruka, na nikaona vichwa vyote vinainuka na macho yote yamefumbwa. Yote isipokuwa mawili. Kiwiko kilimpata hapa juu ya nyusi, nilikiona mimi na Afande alikiona, maana kumbe alikuwa amesimama nyuma ya watu. Hakufumba. Akaupiga ule mpira kwa kichwa mpaka katikati ya uwanja.

"Hiyo ni yangu," Afande akasema.

"Kurudi nyuma ni kwangu," Mwalimu akajibu bila kugeuka. "Wewe chukua macho tu."

Alichaguliwa. Lakini alikuja kwetu amekunja uso, damu imekauka kwenye nyusi.

"Wamenichukua, lakini wameniweka beki," akasema. "Mimi ni mshambuliaji, baba."

"Si wewe uliyelalamika hukurudi nyuma?" nikamwambia. "Sasa utakaa huko huko."

Akataka kukasirika, akacheka. Mama yake akamshika kidevu, akamfungua mdomo, akatazama, akaridhika.

Watu wakiniuliza sasa nani ana mwili zaidi, wa timu au wa ngumi, siwajibu kwa haraka kama zamani. Nawaambia wa ngumi ana ujasiri wa kutazama kinachomjia. Wa timu ana ujasiri wa kubeba asiyemwona. Wote wawili siwawezi, isipokuwa mtoni.

Leo nina shamba la baba Kinakomba, na maembe yake. Nina shamba la mpunga Minjila. Nyumba ya mawe, vyumba vinne. Stoo ya mabati Garsen. Pikipiki moja. Mitumbwi miwili, mmoja mzima, mmoja unavuja. Ng'ombe jike mmoja, yuko kwa kina Mwalimu, amezaa. Gunia la pumba za mpunga kwenye boriti. Jozi moja ya glavu za binti, nazitia mafuta. Kiti cha plastiki cha uwanjani. Upondo wa baba, umekatika ncha, bado unafika chini.